Mkono Hauna Wakili

Mwalimu hakuwahi kununua kitu siku ile ile aliyokiona. Kandambili alizivaa palepale dukani, akakaa nazo kwenye benchi la muuzaji, akazungumza habari za mvua, akatembea mpaka mlangoni na kurudi, kisha akazivua na kusema atapita Jumatano. Jumatano alipita kweli, ndiyo maana wauzaji wa Remera, hapa Kigali, hawakumchoka. Sufuria aliigonga kwa kidole na kusikiliza. Nanasi alilinusa kitakoni. Nilipomtania kwamba kwa mwendo huo hata mume asingempata, aliniambia kuwa marehemu mumewe alimweka kwenye majaribio masika mawili mazima. "Nilitaka kujua kama anavuja," akasema, akacheka mpaka akashika mbavu.

Tulikuwa majirani Masaka, nje kidogo ya mji, ukuta kwa ukuta. Upande wangu kulikuwa na nyumba mpya ya kupanga yenye vigae vinavyoteleza. Upande wake kulikuwa na nyumba ya siku nyingi, maharagwe yaliyofika mpaka kwenye ngazi, na geti la buluu alilolipaka mwenyewe tena na tena kwa sababu buluu zote za mwanzo zilikuwa "za hospitali". Alikuwa amefundisha kuchora shule za sekondari mpaka akastaafu. Mtaa mzima ulimwita Mwalimu, kuanzia mkuu wa mudugudu, yaani mtaa wetu, hadi madereva wa moto, zile pikipiki za abiria, na mimi nitamwita hivyo hivyo. Jina analo, lakini sijawahi kulihitaji.

Yeye alikulia Karagwe, ng'ambo ya mpaka, Tanzania. Mimi nilikulia Bujumbura. Kwa hiyo Kinyarwanda chetu sote wawili kilikuwa na harufu ya ugenini, na watu wa sokoni walitusikia tu wakatabasamu. Kiswahili kilikuwa sebule yetu. Tukiingia humo tulivua viatu. Ila hata sebuleni tulikuwa na ugomvi, maana yeye alikisema chake kwa utaratibu kama anayepanga vikombe kabatini, na changu alikiita cha mnadani. Kila asubuhi nilimwamkia shikamoo juu ya ukuta, naye aliitikia "marahaba" ndefu, kwa raha ya mtu aliyeletewa kahawa. Kigali si mji wa shikamoo. Nadhani wiki nyingine nilikuwa mimi peke yangu niliyempa.

Mimi kazi yangu ni kubuni matangazo, vifungashio na majalada, katika ofisi ndogo Remera, ghorofani, karibu na kituo cha basi. Ndiyo maana mtu yeyote wa mtaani mwetu akiwa na simu iliyokwama aliletwa kwangu. Mwalimu hakuniletea simu. Aliniletea chai, akakaa kwenye ngazi yangu, na kunitazama nikichora kwenye tableti kama mtu anayetazama mechi ya timu asiyoishabikia. Chai yake ilikuja siku zote nusu kikombe. Niliamini ni tabia ya Karagwe, nikanywa nikashukuru.

Alikuwa na misemo yake aliyoitunga mwenyewe, na mkubwa kuliko yote ulikuwa huu: mkono hauna wakili. Ulizaliwa darasani. Mwanafunzi alichora mbuzi akatoka kama mkeka, na Mwalimu alipousogelea mchoro yule mtoto akaanza kumtetea: mbuzi huyu amechoka, Mwalimu, alikuwa amelala, mama yake ameuzwa. Mwalimu akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia, "Mwanangu, hiyo hadithi ni nzuri, kaiandike. Lakini kwenye karatasi mkono hauna wakili. Mstari ukisimama umesimama. Ukianguka, huwezi kwenda kuusemea." Wanafunzi wake wa zamani, wengine sasa wana mvi na magari huko Kiyovu kwa matajiri, bado wanausema msemo huo ofisini mwao, hata kwenye mambo yasiyohusu kuchora.

Kwa imani hiyo hiyo alikataza vifutio. Siku ya kwanza ya muhula alipita na kopo la maziwa, akavikusanya vyote kama sadaka. Kosa, alisema, lazima ulitazame usoni ndipo lisirudi. Basi fikiria furaha yangu siku niliyomfundisha kwamba kwenye tableti ukigonga kioo kwa vidole viwili, mstari wa mwisho unatenguka. Aligonga. Mstari ukatoweka. Akachora tena, akagonga tena. Akanitazama kwa macho ya mtoto aliyegundua sukari ilipofichwa. Tangu siku ile mtu aliyepora vifutio vya vijana wa nusu ya nchi akawa hachoki kugonga. Kuna jioni alizidisha chumvi kwenye maharagwe, na mimi nikamwona kwa macho yangu akiigonga sufuria kwa vidole viwili, pole pole, huku akiangalia kama kuna lolote litakalotokea.

"Mwalimu, na vile vifutio?" nikamuuliza.

"Vile vilikuwa vinachafua karatasi," akajibu bila kupepesa.

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Ukimkamata kwenye kona moja, anatokea kwenye nyingine akiwa na sahani ya ndizi.

Tableti yake mwenyewe alitumiwa na binti yake anayeishi ng'ambo, zawadi ya kustaafu. Mwalimu aliiita kishikwambi, kama alivyosikia redio ya Tanzania ikiita, na kila nilipoiita tableti alinisahihisha. Ilikaa kwenye boksi lake juu ya kabati, imefunikwa kitambaa cha kufuma, mpaka siku kilipokuja kitabu.

Kitabu kilitoka kwa mama mmoja mhariri, mwenye ofisi Kiyovu katika jumba la zamani lililojaa maua ukutani. Kilikuwa hadithi ya watoto. Bibi mmoja amepotelewa na ng'ombe wake gaju. Anamtafuta kilima hadi kilima, mvua inanyesha, na kila anayemuuliza anamwonyesha ng'ombe wa rangi nyingine: huyu bihogo, yule igitare, na bibi anasema hapana, wangu ni gaju, anaendelea kutembea. Kwa asiyejua, igitare ni mweupe, hilo halina shida. Lakini gaju na bihogo wote ni wekundu wa udongo. Gaju ana wekundu mwepesi, wa barabara ya Masaka jua likiwaka baada ya mvua. Bihogo amekolea, anaelekea kwenye rangi ya ini. Mtoto wa mjini anaweza kuchanganya. Babu yake hawezi.

Mhariri alitaka michoro ya tableti yenye matabaka yaliyotengana, ng'ombe tabaka lake, kilima chake, mvua yake, ili maneno ya lugha tofauti yakiingia kila kitu kiweze kusogezwa. Alimpa Mwalimu kurasa mbili za majaribio mpaka mwisho wa mwezi uliofuata. Zikifaa, kitabu chote ni chake. Zisipofaa, kazi itakwenda kwa kampuni ya nje ambayo tayari ilikuwa imebisha hodi.

Siku aliyonieleza hayo hakuwa na mzaha. Alikaa kwenye ngazi yangu ameshika boksi la kishikwambi mapajani. "Mwanangu, mimi nimechora maisha yangu yote ubaoni," akasema. "Ramani, moyo wa mwanadamu, ng'ombe, maua, jicho. Na ubao hufutwa kila jioni. Kengele ikilia, zamu ya usafi inakuja na kitambaa. Nataka kitu kimoja ambacho hakitafutwa. Kimoja tu." Kisha akaniuliza ni programu gani ya kuchorea aitumie, yaani ya kazi, si ya kuchezea.

Nilitaka kumtajia ninayotumia mimi na kuondoka. Nilisahau naongea na mtu wa kandambili.

Alianza majaribio. Tulichagua programu tatu, na kila moja akaipa jina, kwa sababu alisema hawezi kufanya kazi na kitu asichoweza kukikaripia. Ya kwanza aliiita Bwana Harusi. Ilikuwa safi, vitufe vichache, brashi zinazoteleza vizuri, unalipa mara moja mambo yamekwisha. Ya pili aliiita Karani. Hiyo ilikuwa na vidirisha juu ya vidirisha, droo ndani ya droo, na ilitaka malipo kila mwezi, jambo lililomuudhi sana. "Brashi nimezinunua tangu ujana," alinung'unika. "Sasa nizipange kama nyumba?" Ya tatu ilikuwa ya bure na aliiita Jirani, kwa sababu ilimkaribisha vizuri lakini kila akikaa inamwonyesha bidhaa za kuuza.

Katika kila moja alichora kitu kile kile: ng'ombe gaju, pembe ndefu za inyambo, wale ng'ombe wa kifalme, kilima nyuma. Pembe alizichora namna alivyozichora ubaoni miaka yote, kila pembe kwa mstari mmoja tu, kuanzia kichwani, kwenda juu, kufungua kifua na kurudi ndani kwenye ncha, bila kuinua mkono. Hicho ndicho kilikuwa kipimo chake. Jirani alianguka mapema, maana michoro ilipotoka kwake matabaka yote yaligandamana kuwa moja. Mhariri aliipokea sampuli niliyomtumia na kupiga simu kwangu.

"Dessin iko nzuri sana, vraiment," akasema kwa Kiswahili chake cha kuchanganya Kifaransa na Kinyarwanda, "ariko ng'ombe isogee kushoto kidogo, maneno inakosa nafasi."

Ng'ombe hakuweza kusogea kushoto bila kilima. Nilipomweleza Mwalimu, alicheka. "Nimemchora kama wa ukutani," akasema. "Amezaliwa na kilima chake, hawatengani." Jirani akafutwa siku hiyo hiyo, kwa vidole viwili vya dharau.

Walibaki wawili, na hapo Mwalimu akashindwa kabisa kuamua. Siku zilikwenda. Mimi nilikuwa upande wa Bwana Harusi na sikuficha. Yeye aliwasha huyu, akazima, akawasha yule. Mwezi ukaanza kuzeeka. Nikamwambia sasa mwisho wa mwezi unakuja, Mwalimu, na mhariri hatasubiri Jumatano. Akaniambia nichape michoro yote miwili kwenye karatasi ile ile itakayotumika kitabuni, nimletee Ijumaa. Nilidhani anataka kuitazama usiku kucha. Kumbe kesho yake ilikuwa umuganda, ile Jumamosi ya mwisho wa mwezi ambayo mtaa mzima hufanya kazi ya pamoja.

Tulifyeka mitaro, tukazoa udongo ulioteremshwa na mvua, kisha tukakusanyika mbele ya shule kwa mkutano kama kawaida. Mkuu wa mudugudu alizungumza habari za taka na usalama, mwisho akauliza kwa Kinyarwanda kama kuna mwenye neno. Mwalimu akainua mkono. Akatoa bahasha chini ya kitenge chake. Nilitamani mtaro tulioufyeka unimeze.

"Majirani," akasema, "nina ng'ombe wawili. Nisaidieni kuchagua."

Karatasi zikapita mkono kwa mkono. Nilitegemea waseme huyu ana mistari mizuri, yule ana vivuli, lolote la namna hiyo. Hakuna aliyegusa mambo hayo. Walizungumza ng'ombe. Mmoja alisema huyu ameshiba, yule anaonekana wa mkopo. Mama muuza maziwa akataka kujua kiwele kiko wapi. Karatasi zikamfikia mzee mmoja tunayemwita Mzee wa Ng'ombe, kwa kuwa bado anafuga wawili bondeni na hataki kusikia habari za nyumba mpya. Akamtazama ng'ombe wa Bwana Harusi kwa muda mrefu, akamweka mbali na macho, akamrudisha.

"Mwarimu," akasema, "hii story ni ya nini?"

"Ya bibi anayemtafuta ng'ombe wake gaju."

"None se, sasa, kama anatafuta gaju, hii bihogo iko inafanya nini hapa?"

"Hiyo ndiyo gaju, mzee."

"Oya, oya, hapana. Hii iko bihogo rwose. Gaju ni ile ingine." Akanyoosha kidole kwa ng'ombe wa Karani. "Ile, yego. Ile niko namjua. Lakini hii, bibi akimkuta iko anasema si yangu, anapita."

Mkutano mzima ukasogea. Wazee walikubaliana naye wote, mpaka na mama wa maziwa. Mwalimu alichukua karatasi, akafungua kishikwambi alichokuja nacho, akaviweka sambamba. Kwenye kioo ng'ombe wa Bwana Harusi alikuwa gaju safi, anang'aa kama sarafu mpya. Kwenye karatasi alikuwa amekolea, ini tupu. Mimi ndiye mtaalamu wa kuchapa hapo. Nilijua vizuri kwamba rangi ya kioo si rangi ya wino, kwamba Karani ana mahali pa kukuonyesha mchoro utakavyotoka kwenye karatasi, na kwamba katika Bwana Harusi tuliyempakua mahali hapo hapakuwepo. Nililijua jambo hilo kama ninavyojua njia ya kwenda kazini. Sikujua tu kwamba linaweza kuua hadithi. Kitabu kizima kingekuwa bibi anayezunguka vilima kumtafuta ng'ombe aliyekwisha kumpita.

Mwalimu alicheka mpaka akakaa chini kwenye jiwe. "Bwana Harusi," akasema, "kumbe anang'aa kanisani tu." Mkuu wa mudugudu, ambaye hakuwa ameelewa lolote, aliandika kwamba suala la ng'ombe limepatiwa ufumbuzi, akafunga mkutano.

Ningependa kusema kwamba mambo yaliishia hapo. Karani ameshinda, Mwalimu anaanza kurasa zake, kila mtu anakula ndizi. Lakini jioni ile aliniita kwake. Taa zilikuwa zimewashwa sebuleni na kishikwambi kilikuwa mezani. Uso wake haukuwa wa mchana.

"Huyu Karani ananisahihishia," akasema.

Nikatazama. Pembe zilikuwa nzuri kuliko zote alizowahi kuchora kwenye kioo, mstari laini, zimepinda mahali pake. Nikamweleza: Karani anakuja na kinyoosha mstari kikiwa kimewashwa. Mkono ukiyumba kidogo yeye anausawazisha. Ni kitu cha kawaida, wachoraji wengi wanakitumia, hata mimi.

"Kizime," akasema.

Nikashusha mpaka sifuri. Akachukua kalamu, akaanza pembe ileile, kichwani, juu, kufungua kifua. Na mimi kwa mara ya kwanza nikaona. Mstari ulikwenda ukitetemeka njia nzima, mtetemeko mdogo mdogo usiokoma, kama maji ya beseni lori linapopita barabarani. Hakuinua mkono mpaka ncha. Kisha akaiweka kalamu chini na kuufunika mkono wa kulia kwa wa kushoto, na mimi nikakumbuka vikombe vyote vya chai nusu nilivyokunywa kwenye ngazi yangu.

Nilihuzunika sana, nisiseme uongo. Nilitaka kumshika mkono na sikuthubutu.

"Daktari anasema ni umri tu," akasema. "Hautaniua, utaniaibisha. Miaka yote nimewaambia watoto wa watu mkono hauna wakili. Sasa nikimwacha huyu Karani anisemee, nani amechora? Na nikimzima, nani atakubali ng'ombe mwenye pembe za mgonjwa?"

Nilijaribu maneno yote niliyokuwa nayo. Nilimwambia mhariri hatajua. Hilo lilikuwa neno baya, akanitazama mpaka nikalimeza. Nilimwambia hata miwani inasaidia jicho. Akasema miwani haimwambii aone nini. Basi tukanywa chai, na aliponisindikiza getini akasema pole pole, "Kuna wiki moja. Nitamjaribu."

Wiki hiyo sikumwona ngazini. Niliamka, nikasema shikamoo juu ya ukuta, na marahaba ikaja kutoka ndani, fupi. Taa ya sebuleni iliwaka mapema asubuhi. Mara moja nilimsikia akimkaripia Karani kwa sauti, kwa Kihaya, lugha aliyoitunza kwa ajili ya kuku na wanafunzi watundu, na nikafurahi, kwa sababu mtu aliyekata tamaa hakaripii. Siku ya mwisho alinipa kishikwambi juu ya ukuta ili nitume faili kutoka ofisini kwangu, ambako mtandao hausuasui. "Usifungue," akasema. "Tuma tu." Nilituma tu. Si rahisi kwa mtu wa kazi yangu, lakini nilituma tu.

Siku chache baadaye mhariri alipiga simu. "C'est bon," akasema. "Mwambie Mwalimu aendelee, kitabu ni yake. Ile kampuni nimeshawajibu." Niliteremka ghorofani nikachukua moto mpaka Masaka saa za kazi, nikakuta Mwalimu anapalilia maharagwe. Nilipomwambia, alisimama wima, akatupa jembe, akacheza hatua mbili za ngoma ya Karagwe katikati ya shamba akiwa na buti za mpira. Kisha akaniuliza kwa nini siko kazini.

Zile kurasa sikuziona. Kila nilipouliza alikuwa ameamua nini juu ya kile kinyoosha mstari, alinipa nanasi. Kisha ofisi ilinipeleka Musanze kwa mkataba mrefu, masika yakapita, kiangazi kikaja, na tulibaki kusalimiana kwa simu, yeye akinilaumu kwamba shikamoo ya simu ni baridi.

Nilirudi Ijumaa moja, mkesha wa umuganda. Asubuhi tulikuwa kwenye mitaro ileile na majembe yaleyale, na mbele ya shule mkuu wa mudugudu alipouliza mwenye neno, watu wote walimgeukia Mwalimu kabla hajainua mkono. Alikuwa amesubiri siku hiyo. Akafungua kitenge, akatoa kitabu, kimechapwa, kina jalada gumu, kina harufu ya wino mpya. Hakumpa mkuu wa mudugudu wala mimi. Alimpelekea Mzee wa Ng'ombe.

Mzee akakifungua ukurasa wa mwisho, pale bibi anapompata. Akakiweka mbali na macho, akakirudisha. Watu wa nyuma wakanyoosha shingo.

"Gaju," akasema.

Kelele zilizopigwa hapo sijazisikia hata uwanja wa Amahoro ukijaa. Mama wa maziwa akampigia Mwalimu impundu, vigelegele vya furaha. Mtu akauliza kiwele kiko wapi, na safari hii kilikuwepo.

Kitabu kilinifikia mimi nyumbani kwake, sebuleni, watu walipokwisha kutawanyika. Nilikifungua polepole, nikitafuta kitu kimoja tu. Pembe zilikuwa zimetulia. Kila pembe, kila ukurasa, mstari mmoja, safi, kutoka kichwani mpaka kwenye ncha, kama zilivyokuwa ubaoni siku zake. Kwa hiyo amekubali, nikasema moyoni, na sijui kwa nini nilisikia uchungu kidogo. Kisha nikamwona bibi. Bibi alikuwa anatetemeka. Shingo yake, fimbo yake, pindo la kitenge chake, vidole vilivyoinuliwa kuzuia mvua, kila mstari wake ulikuwa na ule mtetemeko mdogo mdogo niliouona jioni ile. Mvua nayo ilitetemeka, na majani. Katikati ya vilima vilivyotulia alikuwa anatembea mtu mzee kweli, amelowa, hachoki, na sijapata kuona kwenye kitabu cha watoto mtu aliye hai kiasi kile. Macho yalinijaa.

"Pembe nimezipa wakili," Mwalimu akasema nyuma yangu. "Pembe za inyambo hazitetemeki, lazima tuwe wakweli."

"Na bibi?"

"Bibi nilimzimia kile kidude. Ni mzee mwenzangu, ana mdomo wake. Ajitetee mwenyewe."

Akaleta chai. Safari hii hakunipimia nusu. Alimimina mbele ya macho yangu, mkono ukitetemeka waziwazi, chai ikapanda, ikafika ukingoni, ikapita, ikajaa kwenye kisahani na kukimbilia kitambaa cha meza. Mwalimu akaweka birika chini. Akaigonga meza kwa vidole viwili, tukasubiri sote wawili, tukiiangalia. Chai ilibaki palepale ilipomwagika, nasi tukacheka mpaka jirani wa upande wa pili akaja kuuliza kuna nini.